Kutatua Makosa ya Kiunganishi Unapoandaa Programu za Prosesa Pachikwa

MALENGO YA MADA

Baada ya kusoma mada hii, mtahiniwa aweze:
(a) kueleza kazi ya kompaila na kazi ya kiunganishi, na kutofautisha kazi hizo mbili;
(b) kueleza maana ya ukompaili mtambuka;
(c) kusoma ujumbe wa kosa la kiunganishi na kutambua chanzo chake;
(d) kurekebisha makosa makuu ya kiunganishi kwa hatua zinazofuatana;
(e) kukokotoa nafasi ambayo programu inachukua katika kumbukumbu ya maikrokontrola.

1. UTANGULIZI

Prosesa pachikwa ni prosesa iliyowekwa ndani ya kifaa ili ifanye kazi maalumu. Ipo ndani ya mita ya umeme ya LUKU, ndani ya mashine ya kufulia, na ndani ya simu ndogo ya batani. Haina kibodi wala kioo cha kuandikia programu, na kumbukumbu yake ni ndogo. Kwa mfano, maikrokontrola ya STM32F103C8 ina kumbukumbu ya flashi ya KB 64 na RAM ya KB 20 tu. ATmega328P, iliyomo katika bodi ya Arduino Uno, ina flashi ya KB 32 na RAM ya KB 2.

Kwa sababu hiyo, programu ya prosesa pachikwa huandikwa na kutafsiriwa kwenye kompyuta ya kawaida, kisha hupakiwa kwenye kifaa. Kitendo cha kutafsiri programu kwenye kompyuta ya aina moja ili itumike kwenye prosesa ya aina nyingine huitwa ukompaili mtambuka.

Katika mada hii tutatumia mfano mmoja: mradi wa kifaa kinachopima kiwango cha maji katika tangi la shule na kuwasha taa maji yanapokaribia kwisha. Mradi una mafaili yafuatayo:

main.c – sehemu kuu ya programu
tangi.c – funksheni za kusoma kiwango cha maji
tangi.h – faili la kichwa, linalotangaza majina ya funksheni hizo
anza.s – faili la kuanzia, linaloiamsha prosesa umeme unapowaka
kumbukumbu.ld – skripti ya kiunganishi, inayoeleza mpangilio wa kumbukumbu

2. KOMPAILA NA KIUNGANISHI

Kompaila hutafsiri faili moja moja. Inapotafsiri main.c haifungui tangi.c. Ikikuta main.c inaita funksheni ya soma_maji, na faili la kichwa linasema funksheni hiyo ipo, kompaila inaamini na kuendelea. Inaacha pengo mahali pa anwani ya funksheni hiyo, kisha inatoa faili la main.o.

Kiunganishi ndicho kinachojaza mapengo. Kinachukua main.o, tangi.o, anza.o na maktaba, kinatafuta kila jina lilipo, kinalipa anwani katika kumbukumbu, kisha kinatoa faili moja lililokamilika. Katika somo la Kiswahili ulijifunza kwamba kiunganishi ni neno kama "na" au "lakini", linalounganisha sentensi. Hapa kiunganishi ni programu, lakini kazi inafanana: vipande vinavyojitegemea vinafanywa kitu kimoja.

Amri za mradi wetu ni hizi:

arm-none-eabi-gcc -mcpu=cortex-m3 -mthumb -c main.c -o main.o
arm-none-eabi-gcc -mcpu=cortex-m3 -mthumb -c tangi.c -o tangi.o
arm-none-eabi-gcc -mcpu=cortex-m3 -mthumb -c anza.s -o anza.o
arm-none-eabi-gcc -mcpu=cortex-m3 -mthumb -nostartfiles -T kumbukumbu.ld anza.o main.o tangi.o -o mradi.elf

Amri tatu za mwanzo zina swichi ya -c, maana yake "tafsiri, usiunganishe". Amri ya nne ndiyo inayoita kiunganishi.

Jina la kompaila lenyewe linafundisha. Neno arm ni familia ya prosesa. Neno none linaonesha kwamba hakuna mfumo endeshi kwenye kifaa. Neno eabi ni makubaliano ya namna funksheni zinavyoitana na kupeana thamani. Kumbuka neno none, kwa sababu ndilo chanzo cha kosa la tatu utakalosoma hapa chini.

ZINGATIA: Kosa la kompaila linahusu sarufi ya faili moja, kwa mfano kusahau nuktamkato. Kosa la kiunganishi linahusu uhusiano wa mafaili. Kwa hiyo faili linaweza kuwa sahihi kabisa peke yake, na bado programu isiunganike.

3. NAMNA YA KUSOMA UJUMBE WA KOSA

Kiunganishi kikishindwa, mstari wa mwisho huwa huu:

collect2: error: ld returned 1 exit status

Mstari huu unasema tu kwamba kiunganishi kimeshindwa. Hauelezi sababu. Mwanafunzi anayeanza kutafuta tiba kwa mstari huu anapoteza muda. Panda juu hadi ujumbe wa kwanza, kwa mfano:

main.c:(.text+0x1a): undefined reference to `soma_maji'

Ujumbe huu una sehemu tatu. Ya kwanza ni faili lenye tatizo, yaani main.c. Ya pili ni mahali ndani ya sehemu ya maelekezo, yaani .text, umbali wa 0x1a (baiti 26) kutoka mwanzo wake. Ya tatu ni aina ya kosa pamoja na jina linalohusika.

Rekebisha kosa la kwanza, kisha unganisha upya. Mara nyingi kosa moja huzaa meseji kumi, na likitibiwa zote huondoka.

4. MAKOSA MAKUU NA TIBA ZAKE

4.1 Jina lisilopatikana

Ujumbe: undefined reference to `soma_maji'

Maana yake ni kwamba kuna faili linaloliita jina hilo, lakini hakuna faili lililolileta. Chunguza mambo haya kwa mpangilio:

(i) Je, tangi.o imetajwa katika amri ya kuunganisha? Kuisahau ni chanzo cha kawaida sana.
(ii) Je, tahajia inalingana? Lugha ya C hutofautisha herufi kubwa na ndogo, hivyo soma_maji na Soma_maji ni majina mawili.
(iii) Je, funksheni imetangazwa kwa neno static? Neno hilo huificha ndani ya faili lake, na mafaili mengine hayaioni.
(iv) Je, ujumbe unaonesha mabano, yaani `soma_maji()'? Mabano ni dalili kwamba faili linaloita limeandikwa kwa C++, ambayo huongeza alama za siri kwenye majina ya funksheni. Tiba ni kuzungushia matangazo ya tangi.h maneno extern "C".

Ili usikisie, tumia amri ya nm:

arm-none-eabi-nm tangi.o

Herufi T mbele ya jina inaonesha kwamba funksheni imo ndani ya faili hilo. Herufi U inaonesha kwamba jina linahitajika lakini halimo. Ukiona "U soma_maji" katika main.o, lazima kuwe na "T soma_maji" katika faili jingine moja.

4.2 Mpangilio wa maktaba

Ujumbe: undefined reference to `sqrt'

Katika Fizikia ulijifunza kwamba mwendo wa maji yanayotoka kwenye tundu chini ya tangi ni kipeuo cha pili cha 2gh. Mradi wetu ukikokotoa mwendo huo utahitaji funksheni ya sqrt, iliyomo katika maktaba ya hisabati. Maktaba hiyo huitwa kwa swichi ya -lm.

Lakini mwanafunzi anaweza kuandika -lm na bado akapata kosa hili. Sababu ni mpangilio. Kiunganishi husoma amri kutoka kushoto kwenda kulia. Kinapofika kwenye maktaba, huchukua tu vipande vinavyohitajika wakati huo, kisha hupita bila kurudi. Maktaba ikitangulia, hakuna anayeihitaji bado, hivyo hakuna kinachochukuliwa.

Si sahihi: -lm anza.o main.o tangi.o
Sahihi: anza.o main.o tangi.o -lm

Kanuni: anayeomba atangulie, anayetoa afuate.

Ujumbe ukiwa cannot find -l pamoja na jina la maktaba, kosa ni tofauti. Hapo kiunganishi hakijalifikia faili la maktaba lenyewe. Kielekeze kwenye folda yake kwa swichi ya -L.

4.3 Huduma za mfumo endeshi ambao haupo

Ujumbe: undefined reference to `_sbrk' (au `_write', au `_exit')

Mwanafunzi hushangaa, kwa kuwa hajaandika majina hayo mahali popote. Yanatoka ndani ya maktaba ya C. Ukitumia printf, maktaba inahitaji _write ili ipeleke herufi nje, na _sbrk ili ipate kumbukumbu. Kwenye kompyuta, huduma hizi hutolewa na mfumo endeshi. Kwenye kifaa chetu, neno none limeshatuambia kwamba hakuna mfumo endeshi.

Tiba ziko mbili. Ya kwanza ni kuongeza swichi ya --specs=nosys.specs, inayoleta funksheni za mfano zenye majina hayo. Ya pili ni kuandika mwenyewe funksheni unazohitaji, kwa mfano _write inayotuma herufi kupitia waya wa mawasiliano wa maikrokontrola.

ZINGATIA: Tiba ya kwanza huondoa kosa, lakini haileti huduma. _write ya mfano haipeleki herufi popote. Ukiitumia kisha ukaona printf haichapishi kitu, usiilaumu bodi wala waya. Ukiulizwa katika mtihani "je, tatizo limetatuliwa?", jibu kamili ni kwamba programu imeunganika, lakini uchapishaji hautafanya kazi hadi _write halisi iandikwe.

4.4 Jina lililoletwa mara mbili

Ujumbe: multiple definition of `kiwango'

Hili ni kinyume cha kosa la 4.1. Hapa jina lina wenyewe wawili, na kiunganishi hakijui kimfuate nani. Chanzo cha kawaida ni kuandika kigeu ndani ya faili la kichwa:

int kiwango = 0;

Mafaili ya main.c na tangi.c yote yanaiita tangi.h, hivyo kila moja linapata kigeu chake chenye jina lilelile. Tiba ni kuacha tangazo tu katika tangi.h, na kukiunda kigeu katika faili moja la .c:

Katika tangi.h: extern int kiwango;
Katika tangi.c: int kiwango = 0;

Wengine hujaribu kutibu kosa hili kwa kuweka kinga ya #ifndef katika faili la kichwa. Kinga hiyo huzuia faili la kichwa kusomwa mara mbili ndani ya faili moja la .c. Haizuii kusomwa mara moja moja katika mafaili mawili, kwa hiyo kosa linabaki palepale.

Pia elewa kwamba programu ya zamani yenye "int kiwango;" katika faili la kichwa iliweza kuunganika bila malalamiko. Tangu toleo la 10 la GCC, lililotoka mwaka 2020, jambo hilo huhesabiwa kuwa kosa.

4.5 Kumbukumbu kujaa

Ujumbe: region `FLASH' overflowed by 1832 bytes

Kiunganishi kinafuata vipimo vilivyomo katika skripti yake:

MEMORY
{
FLASH (rx) : ORIGIN = 0x08000000, LENGTH = 64K
RAM (rwx) : ORIGIN = 0x20000000, LENGTH = 20K
}

ORIGIN ni anwani ya kuanzia, na LENGTH ni ukubwa. Ukubwa wa KB 64 ni sawa na 64 × 1,024 = baiti 65,536.

Programu hugawanywa katika sehemu tatu: .text (maelekezo na thamani zisizobadilika), .data (vigeu vyenye thamani ya mwanzo), na .bss (vigeu vinavyoanza na sifuri). Thamani za mwanzo za .data hutunzwa katika flashi hata umeme ukizimwa, kisha hunakiliwa katika RAM kifaa kinapowashwa. Ndiyo maana .data huhesabiwa pande zote mbili:

Flashi = .text + .data
RAM = .data + .bss (pamoja na nafasi ya staki)

Ili kupunguza ukubwa, fuata hatua hizi:
(i) Tafsiri kwa swichi ya -Os, inayoiagiza kompaila kutafuta ufupi.
(ii) Tafsiri kwa -ffunction-sections na -fdata-sections, kisha unganisha kwa -Wl,--gc-sections. Kiunganishi kitatupa funksheni zisizoitwa na yeyote.
(iii) Tumia maktaba ndogo ya C kwa swichi ya --specs=nano.specs.

Tahadhari katika hatua ya (ii): jedwali la vekta haliitwi na funksheni yoyote. Linasomwa na prosesa yenyewe umeme unapowaka. Kiunganishi kinaweza kulidhania kuwa takataka na kulitupa. Lilinde kwa neno KEEP katika skripti:

KEEP(*(.isr_vector))

ZINGATIA: Usibadilishe LENGTH kuwa 128K ili kosa liondoke. Kubadilisha namba kwenye faili hakuongezi kumbukumbu kwenye kifaa. Ni sawa na kuandika "lita 2,000" kwenye tangi la lita 1,000.

4.6 Mafaili ya prosesa tofauti

Ujumbe: error adding symbols: file in wrong format

Hapa faili mojawapo lilitafsiriwa kwa kompaila ya kawaida ya kompyuta, kwa mfano umeandika gcc badala ya arm-none-eabi-gcc. Hakiki kwa amri hii:

arm-none-eabi-readelf -h tangi.o

Mstari wa Machine unapaswa kusema ARM. Ukisema X86-64, futa faili hilo la .o na ulitafsiri upya kwa kompaila sahihi.

Ndugu wa kosa hili ni ujumbe wenye maneno uses VFP register arguments. Prosesa ni za familia moja, lakini faili moja linapitisha namba za desimali kupitia rejista maalumu na jingine halifanyi hivyo. Tafsiri mafaili yote kwa swichi moja ya -mfloat-abi. Cortex-M3 haina kikokotozi cha namba za desimali, hivyo tumia soft.

4.7 Onyo lisilopaswa kupuuzwa

Ujumbe: warning: cannot find entry symbol Reset_Handler

Hili ni onyo, na faili la mradi.elf linatoka. Hata hivyo, mara nyingi maana yake ni kwamba anza.o imesahaulika. Cortex-M3 inapowashwa husoma nafasi mbili za mwanzo za jedwali la vekta: ya kwanza ni anwani ya staki, ya pili ni anwani ya Reset_Handler. Zisipokuwepo, programu itapakiwa vizuri, lakini taa haitawaka na hakuna ujumbe wowote utakaoonekana. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

5. MIFANO YENYE UFUMBUZI

Mfano wa 1
Programu ya STM32F103C8 ina .text baiti 61,200, .data baiti 1,500 na .bss baiti 9,000. Je, itaenea?

Ufumbuzi
Flashi = 61,200 + 1,500 = baiti 62,700. Zinabaki 65,536 − 62,700 = baiti 2,836.
RAM = 1,500 + 9,000 = baiti 10,500. Zinabaki 20,480 − 10,500 = baiti 9,980 kwa ajili ya staki.
Hivyo, itaenea.

Mfano wa 2
Mwanafunzi ameandika amri hii:

arm-none-eabi-gcc -mcpu=cortex-m3 -mthumb -nostartfiles -T kumbukumbu.ld -lm anza.o main.o -o mradi.elf

Amepata makosa mawili: undefined reference to `soma_maji' na undefined reference to `sqrt'. Eleza chanzo cha kila kosa na uandike amri sahihi.

Ufumbuzi
Kosa la kwanza: tangi.o, yenye soma_maji, haikutajwa. Kosa la pili: -lm imetangulia mafaili yanayoihitaji. Ujumbe unafanana, lakini vyanzo ni viwili tofauti. Amri sahihi ni:

arm-none-eabi-gcc -mcpu=cortex-m3 -mthumb -nostartfiles -T kumbukumbu.ld anza.o main.o tangi.o -lm -o mradi.elf

6. MUHTASARI

• Kompaila hutafsiri faili moja moja, kiunganishi huyafanya kitu kimoja.
• Soma ujumbe wa kwanza, si wa mwisho.
• Jina lisipopatikana, tafuta nani alipaswa kulileta. Likizidi, tafuta nani amelirudia.
• Maktaba hukaa baada ya mafaili yanayozihitaji.
• Kumbukumbu ikijaa, punguza programu, usibadilishe vipimo vya kifaa.
• Kosa kuondoka kwenye kioo si uthibitisho kwamba kifaa kitafanya kazi.

7. MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini kompaila haikulalamika kwamba soma_maji haipo, ila kiunganishi kikalalamika?
2. Kiunganishi kimeandika region `FLASH' overflowed by 1832 bytes kwa kifaa chenye flashi ya KB 64. Programu inahitaji baiti ngapi?
3. Eleza kwa nini kinga ya #ifndef haitibu kosa la multiple definition.
4. Baada ya kuweka -Wl,--gc-sections, programu imepungua sana lakini kifaa hakiwaki. Taja chanzo kinachowezekana na tiba yake.

MWONGOZO WA MAJIBU

1. Kompaila hutazama faili moja na kuliamini tangazo la tangi.h. Kiunganishi ndicho kinachotafuta funksheni yenyewe katika mafaili yote.
2. 65,536 + 1,832 = baiti 67,368.
3. Kinga hufanya kazi ndani ya faili moja la .c. Kila faili la .c hutafsiriwa peke yake, hivyo kila moja bado linaunda kigeu chake.
4. Jedwali la vekta limetupwa kwa kuwa hakuna funksheni inayoliita. Liwekewe KEEP katika skripti ya kiunganishi, kisha programu iunganishwe na kupakiwa upya.